Maua Yaliyokuja na Mizizi Yake

Mimi ni mtu wa papara. Mama yangu alipenda kusema nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono, na tangu hapo sijawahi kusubiri kitu kikaiva. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilidanganywa au nilisukumwa na mtu. Yote nitakayoyasimulia hapa niliyafanya mwenyewe, kwa mikono hii, tena kwa furaha tele.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi kilitupunguza. Tulipangwa mstari, tukasaini karatasi, tukatoka getini. Wenzangu wengi walilia. Mimi, sijui kwa nini, mwili ulikuwa unanisisimka. Mji mzima wa Morogoro ulikuwa unabadilika mbele ya macho yetu. Maduka ya Mwembesongo yaliyozoea rafu tupu yalijaa mpaka bidhaa zikamwagikia barazani, mitumba ilitandazwa kila kona, muziki ulitoka kwenye kila kibanda, na kila aliyepata vijisenti alitaka harusi ya ukumbini, yenye kamati, kadi na mpiga video. Zamani harusi ilikuwa turubai na pilau. Sasa watu walitaka mapambo. Nikajiambia, haya, hapa ndipo pangu.

Nilianza na mashuka meupe ya kukodi, riboni, na maua mabichi. Maua mabichi ndiyo yalikuwa fahari yangu. Mpinzani wangu, jamaa mmoja mwenye duka karibu na stendi, alikuwa na maua ya plastiki kutoka Dubai, mekundu ya kuumiza macho, na kila ukumbi alioupamba ulinuka kama mpira mpya. Nilimchukia kwa dhati. Tukikutana barabarani tulisalimiana kwa heshima zote, kisha kila mmoja anakwenda kumsema mwenzake. Lakini alikuwa na neno moja ambalo sikuwa na jibu lake. "Maua yangu hayafi," aliwaambia wanakamati. "Ya dada yule yanasinzia kabla bwana harusi hajaingia."

Na ni kweli yalikuwa yanasinzia. Joto la mjini kwetu si la mchezo. Nikipamba asubuhi, ikifika saa tisa alasiri mawaridi yameinamisha vichwa, na mimi nazunguka ukumbini na kopo la maji, nanyunyiza huku natukana kimoyomoyo.

Maua yangu niliyanunua kwa mama mmoja wa Kiluguru aliyeteremka sokoni mara mbili kwa wiki kutoka vijiji vya juu, kapu la karoti na njegere kichwani, na mawaridi na mayungiyungi meupe yamefungwa pembeni kwa mgomba. Alikuwa mtu mzima kuliko mama yangu, mwembamba, mwenye miguu iliyokakamaa kwa kupanda na kushuka, na mcheshi kupita kiasi. Kila nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti ya kuvuta, kisha ananiuliza kama nimeshapata mume au bado napamba wenzangu tu.

Siku moja juu ya njegere zake alikuwa amechomeka kijitawi ambacho sijapata kukiona. Majani yake yalikuwa madogo mno, membamba kama sindano, yamebanana kwenye tawi. Kati ya majani hayo palikuwa na vikengele vyeupe vyenye wekundu wa mbali, mamia yake, kila kimoja kama punje ya mchele. Ukikitikisa hakimwagi kitu. Ukikitazama kwa karibu unaona kila kikengele kina ukingo wake, kimekatwa vizuri utadhani na mkasi. Nilikishika mkononi nikasahau kilichonileta sokoni.

"Haya maua gani, mama?"

"Ya mwambani hayo. Nimechomeka tu, kapu lipendeze."

"Yapo mengi?"

"Yapo pale penye mwamba wetu. Kwingine siyaoni. Yanafaa nini, mwanangu? Hata mbuzi hayataki."

Yanafaa nini! Nilikuwa tayari nayaona kwenye shada la bibi harusi. Nikabeba kijitawi changu mpaka nyumbani mbio mbio, nikakitia kwenye chupa ya soda, nikakaa nacho kama mgonjwa. Kesho yake vikengele vilikuwa vimegeuka rangi ya kahawia.

Siku ya soko iliyofuata nilimvaa yule mama kama aliyeniuzia samaki aliyeoza. "Maua yako mazuri, lakini hayana uvumilivu."

"Yametembea kichwani tangu alfajiri," alisema. "Hata wewe ungechoka."

Nilikuwa nafungua kinywa kumjibu, nikaona meza ya jirani yake. Mafungu ya mchicha yalikuwa yamelala pale na mizizi yake, udongo bado umeshika, majani yamesimama utadhani yangali bustanini. Kila mwanamke wa hapa anajua kwamba mchicha wa kung'olewa hukaa kuliko wa kukatwa. Tunauliza kabisa sokoni: una mizizi? Usipokuwa na mizizi tunashusha bei au tunapita. Nilihisi kichwa kinawaka. Yaani jibu lilikuwa pale mezani miaka yote, nami napita na kopo la maji!

"Mama, usiyakate. Yang'oe na mizizi yake, kama mchicha."

Akacheka. "Mchicha! Ule ni mti, mwanangu. Una mizizi minene kama mkono wangu."

"Si uko mwambani? Udongo haba. Baada ya mvua yatang'oka tu."

Alinitazama kidogo. Sijui aliwaza nini, sikumpa nafasi ya kusema. Nilimwambia nitamlipa vizuri kuliko karoti zake zote, akatikisa kichwa, akasema basi atajaribu.

Akaleta vichaka vitatu vyenye mizizi na udongo wake, vimefungwa kwenye gunia bichi. Niliviweka kwenye ndoo chumbani kwangu. Siku ya kwanza vilisimama. Siku ya pili vikafungua vikengele vipya. Siku ya tano, siku ya tano jamani, katika joto la Mwembesongo, chini ya bati, vilikuwa vimesimama kama siku vilipofika! Niliwaita majirani wote waje waone. Nilicheza peke yangu uani kwa kanga moja. Vilipokauka hatimaye nilivitupa nyuma ya choo na kwenda kumtafuta mwenyekiti wa kamati ya harusi kubwa kuliko zote za mwaka ule.

Harusi hiyo ilikuwa ya binti wa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Gairo. Tangu biashara ya nafaka iwe huria, mzee yule alikuwa amepanda kutoka baiskeli hadi malori, na alitaka Morogoro nzima ijue. Nilifika kwenye kikao nikamkuta mpinzani wangu amekaa mbele na katoni yake ya maua ya plastiki. Mimi nilikuja na ndoo moja ya maua ya mwamba, niliyoletewa na yule mama kwa mara ya pili, yenye siku nne tayari, nikaiweka mezani. Bibi harusi mwenyewe alikuwepo, amekaa pembeni na mashangazi zake. Akainuka, akaja, akagusa kikengele kimoja kwa ncha ya kidole.

"Nataka haya," alisema. "Nataka ukumbi mzima uwe haya."

Sijui niliondokaje pale. Nadhani nilimkumbatia mwenyekiti. Mpinzani wangu alifunga katoni yake, na mimi, Mungu anisamehe, nilimfungulia mlango huku natabasamu.

Sokoni nilimkuta mama wa mlimani anafunga kapu. Nikamwambia harusi ni Jumamosi, nataka maua ya mwamba.

"Kiasi gani?"

"Yote."

"Yote yaliyopo?"

"Yote, mama. Makubwa kwa madogo. Na mizizi yake, usisahau mizizi."

Aliniangalia tena kama siku ile ya mchicha. Kisha akasema, "Haya. Uliyetaka ni wewe," akajitwisha kapu lake akaondoka.

Ijumaa asubuhi aliteremka na binti zake watatu. Nilikuwa nawasubiri njiani, siwezi kukaa ndani. Nikaona kwa mbali kwenye kona ya barabara mizigo minne ya maua inakuja juu ya vichwa, meupe yenye wekundu, inatikisika kwa mwendo wao. Wapita njia walisimama. Mtu wa baiskeli aliteremka kutazama. Nilipiga vigelegele peke yangu barabarani kama ndio mimi niliyekuwa naolewa.

Ukumbini yalijaa ndoo tisa. Mizizi ilikuwa tabu kidogo. Ilikuwa minene, imepindapinda, haiingii vizuri ndoo zote, na ilichafua mashuka yangu. Ulikuwa umebaki usiku wa harusi tu, nikaona maji yatatosha kuyashikilia. Asubuhi ya Jumamosi nikaazima panga, nikaikata yote. Nje, mpishi wa pilau alikuwa anahangaika na kuni mbichi, moshi umemjaa machoni, akaniuliza ile mizizi naipeleka wapi. Nikamwambia chukua, umenipunguzia kazi. Nilifurahi kuona sakafu imekuwa safi.

Saa kumi na moja jioni wageni walianza kuingia, na kila aliyevuka mlango alisema "Aaa!" Niliisikia ile "Aaa" nikiwa nyuma ya pazia, nikaihesabu mpaka nikachoka. Bibi harusi aliingia na shada la maua ya mwamba lenye utepe mweupe. Taa ya mpiga video ilipompiga, vile vikengele viling'aa kote, na mimi nikalia. Ndiyo, nililia. Miezi michache nyuma nilikuwa nimetolewa getini kama kitu kilichokwisha kazi, na sasa ukumbi mzima ulikuwa unapumua kitu nilichokibuni mimi.

Ndipo akaingia mjomba wa bwana harusi. Alichelewa kwa sababu alikuwa na wanafunzi. Alikuwa mhadhiri wa mimea chuoni, mtu mrefu mwenye suti iliyombana. Alitembea kuelekea meza kuu akitabasamu, mkono umenyooshwa tayari kumpongeza bwana harusi. Katikati ya ukumbi akasimama. Akageuza kichwa kwenye ndoo iliyokuwa pembeni yake. Akainama. Akatoa miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kisha mtu mzima yule akapiga magoti sakafuni na suti yake, pua imeingia ndani ya maua, na mshereheshaji akashusha kipaza sauti.

"Amelewa?" shangazi mmoja aliuliza.

"Nani kaleta haya?" alipiga kelele. "Nani kaleta haya maua?"

Nilitoka nyuma ya pazia nikidhani nimefanya kosa. Nikasema, "Mimi, mwalimu." Akasimama, akaja mbio, akanishika mabega yote mawili. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Dada yangu, unajua ulicholeta?"

Sikujua. Akanieleza palepale, mbele ya watu mia kadhaa, na mshereheshaji, kwa akili zake, akamsogezea kipaza sauti. Mti ule, alisema, uliokotwa mara moja tu katika milima yetu ya Uluguru, na Mzungu mmoja enzi za Mjerumani. Tawi lake lilipelekwa Ulaya, nako likaungua vitani. Kilichobaki ni mchoro kwenye kitabu na maelezo ya majani na maua. Watu walipanda milima ile tena na tena kuutafuta, yeye mwenyewe tangu akiwa mwanafunzi, wasiuone. Mwishowe ukaandikwa kuwa umetoweka duniani. "Umekufa!" alisema kwenye kipaza sauti. "Vitabuni umekufa! Na leo uko hapa kwenye ndoo!"

Ukumbi ulilipuka. Nusu yao hawakuelewa, lakini kitu kilichokufa kimefufuka kwenye harusi, nani asingeshangilia? Mzee wa Gairo alisimama akacheza. Muziki ukawekwa. Mhadhiri alicheza nami, vibaya mno, akinikanyaga miguu na kuuliza maswali. Yametoka wapi? Nikamwambia. Yapo mengi huko? "Mengi, mwalimu, si unaona ndoo tisa!" Akacheka mpaka akakohoa. Alimwomba bibi harusi shada lake alihifadhi, na yule binti akalitoa bila kinyongo. Mpinzani wangu, ambaye kumbe alikuwa mgeni mwalikwa, alikimbia dukani akarudi na shada la plastiki la kufidia. Siku ile sikuweza kumchukia hata yeye.

Tulikubaliana kupanda mlima kesho yake.

Jumapili alinipitia mapema na Landrova ya kuazima. Tuliiacha barabara ilipoishia, tukaanza kupanda kwa miguu kati ya mashamba ya ngazi. Sijapata kutembea na mtu mwenye furaha kama ile. Aliimba. Alisimama kila baada ya hatua ishirini kunionyesha jani. Alisema atawaandikia wenzake wa nchi zote, kwamba magazeti mapya yaliyokuwa yanachipuka kila wiki yatanitafuta, na kwamba pale penye mwamba pawekewe ulinzi, mama wa mlimani awe ndiye mlinzi wake na alipwe. Nami nilikuwa naona picha yangu gazetini. Nilikuwa nachagua kitambaa cha kichwa cha kupigia picha hiyo.

"Watu wanaogopa kukata," alisema huku akihema. "Miti ya ukoo huu haiogopi panga. Hata moto hauogopi. Ukiukata unachipua tena, kwa sababu uhai wake wote uko kwenye lile shina la mizizi chini ya udongo. Umekata matawi, dada, usiwe na wasiwasi. Mwakani utapamba tena."

Mguu wangu mmoja ulikuwa umetangulia kwenye jiwe. Ukabaki hapohapo.

Nilipaswa kusema wakati ule ule. Sikusema. Nilijiambia kwamba yule mama ni mvivu wa kuchimba. Kwamba mmoja lazima ameuacha, au miwili, ile iliyokaa pabaya. Kwamba binti zake walichoka. Nilipanda njia yote iliyobaki nikiomba uvivu wa watu wengine, na mhadhiri nyuma yangu anaimba. Mmoja tu ungetosha. Nilikuwa naujua ukubwa wa jambo lile vizuri kabisa kwa wakati ule: mti mzima, wa dunia nzima, ulikuwa unategemea kama mama wa mlimani alinisikiliza au hakunisikiliza.

Alitupokea mlangoni kwake kwa vicheko. Mhadhiri alimwamkia kwa heshima, akainama kabisa, akamwambia tumekuja kuona maua ya mwamba.

"Maua?" alisema mama, akanitazama mimi. "Si ameyachukua?"

"Pale yanapoota, mama," mhadhiri alisema. "Nataka kuona miti yenyewe."

Alituongoza nyuma ya migomba, juu ya shamba la ukoo wa mama yake, mpaka kwenye mwamba mpana uliotazama bondeni. Ukungu ulikuwa unapita. Mwamba ulikuwa na nyufa, na katika kila ufa palikuwa na shimo, udongo mweusi umegeuzwa upya, bado una unyevu. Shimo, hatua mbili, shimo. Baadhi yalikuwa tayari yamejaa maji ya ukungu.

Mhadhiri alitazama lile la kwanza. Akaenda la pili. Aliendelea mpaka ukingoni, na huko akapiga magoti kama alivyopiga ukumbini, akaingiza mkono ndani ya shimo mpaka kwenye kiwiko.

"Mmechimba," alisema.

"Tumeng'oa," alisema mama. "Yeye alitaka na mizizi. Kama mchicha."

Sasa mhadhiri alinitazama. Nilitamani anipigie kelele, nilikuwa na hamu nayo kabisa, nami nimpigie yake, tumalize. Hakupiga. Alimgeukia mama wa mlimani, akamuuliza kwa upole kama kuna midogo aliyoiacha, vimche vya mwaka huu, hata kama ni kimoja.

"Midogo ndiyo tulianza nayo, mwanangu. Inang'oka kirahisi." Alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mlikuwa mnautafuta?"

"Miaka mingi, mama."

"Mbona hamkuja kuuliza?"

Tuliuzunguka mwamba mpaka mchana, mama na binti zake wakitambaa kwenye nyufa ambazo sisi wa mjini tusingethubutu. Walikuwa wanautafuta kwa nguvu kuliko walivyoung'oa. Hatukupata.

Hapo mhadhiri aliruka ghafla, macho yamewaka tena. "Mizizi! Ile mizizi yenyewe iko wapi? Ina siku mbili tu!" Akaanza kuteremka mbio, nami nyuma yake, tunateleza, tunashikilia migomba ya watu. Nilimwambia njiani. Ilinibidi nipige kelele ili anisikie, maana alikuwa mbele: nilimpa mpishi. Hakusimama. Alisema labda hakuitumia yote.

Mpishi tulimkuta uani nyuma ya ukumbi anasugua masufuria. Alikuwa mtu mwema, alifurahi kuniona. Alisema hajapata kuni nzuri kama zile, zimewaka hata mbichi, na kama ninazo nyingine nimletee.

Nilikumbuka vile vichaka vitatu vya majaribio, na vile vya kikaoni, nilivyovitupa nyuma ya choo changu. Tulikwenda navyo chuoni usiku uleule vimefungwa kwenye kanga yangu, na vijitawi vyote vya ukumbini tulivyoweza kuokota. Mama wa mlimani aliteremsha udongo wa mwambani, kapu zima, wala hakutaka malipo, tukavipanda kwenye vyungu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nakwenda kila asubuhi kutazama kama kuna kilichochipua. Kila asubuhi nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni leo. Naingia langoni, natembea haraka, mwisho nakimbia. Mtunza bustani aliniona akawa anatikisa kichwa kabla sijafika.

Siku mhadhiri alipokata tamaa na kuvitoa vyungu vile, aliniita mezani kwake. Shada la bibi harusi lilikuwa limekauka vizuri kati ya magazeti, amelishona kwenye karatasi ngumu nyeupe. Ndilo pekee duniani. Pembeni palikuwa na kikaratasi cha maelezo, nusu kimejazwa. Alikuwa ameandika jina la mama wa mlimani, na langu chini yake. Aliniuliza ukubwa wa kichaka, nikamwonyesha kwa mkono, mpaka kiunoni. Aliuliza harufu, nikamwambia hakina.

"Na mizizi?" alisema. "Kwenye kitabu cha Mjerumani hakuna mizizi. Hakuna msomi aliyepata kuiona. Nieleze vizuri."

Nikamweleza. Nilisema ni minene kama mkono wa mtu mzima, mizito kuliko inavyoonekana, na juu ina uvimbe kama ngumi ambapo matawi yote yanatokea. Gome ni jekundu, ndani ni kweupe. Nilisema panga linaruka ukiipiga, lazima upige mara mbili au tatu mahali pale pale. Aliandika yote kwa mwandiko mdogo, bila kuinua kichwa.

"Kingine?"

Nilifikiri kidogo. Sikutaka abaki na upungufu wowote.

"Inawaka vizuri," nilisema. "Haina moshi."

Akaandika.